Maswali ya Wasomaji: Bandeji, Damu na Taulo

Barua za safari hii karibu zote zinawaulizia watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye bango la pambano la ngumi: anayefunga bandeji, anayezuia damu, anayeamua kwamba leo basi. Tumejibu sita. Nyingine zilikuwa ubishi wa kijiweni kuhusu nani angempiga nani, nazo tumewaachia wenye vijiwe.

Nafundisha vijana wa ridhaa. Mmoja wao kila wiki analalamika mkono wa kulia, umevimba chini ya kidole kidogo. Bandeji anazo, glovu anazo. Kosa liko wapi? Na hizi habari za mabondia kufungwa jasi ndani ya glovu, ni kweli au porojo? (Kocha, Tanga)

Kocha, kabla ya yote mpeleke akapige eksirei. Uvimbe unaorudi mahali palepale mara nyingi ni ufa kwenye shingo ya mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo. Mfupa ule ni mwembamba, nao hupasuka pale ngumi inapotua na vifundo viwili vya nje badala ya viwili vikubwa, cha kidole cha shahada na cha kati. Mtazame akipiga kiroba ngumi ya kuzungusha: huenda kiwiko kinabaki chini huku kiganja kikipinda, au anakunja ngumi kwa kuchelewa. Kosa hilo halitibiwi na bandeji ya aina yoyote.

Hata hivyo, tazama pia anavyojifunga. Bandeji ya mazoezi ya mita 4.5 inamtosha mtu mzima. Atanue vidole vyote, apitishe dole gumba kwenye kitanzi, kisha bandeji ishukie mgongo wa kiganja. Wengi huanza kwa kuipitisha upande wa ndani, na mtu akikunja ngumi inalegea. Azungushe mara tatu kwenye kifundo cha mkono, apande, azungushe mara tatu juu ya vifundo vya vidole. Halafu arudi kifundoni, avuke mgongo wa kiganja na kuipitisha kati ya kidole kidogo na cha pete, arudi tena kifundoni. Afanye hivyo kati ya cha pete na cha kati, kisha cha kati na cha shahada. Dole gumba lipate mzunguko mmoja, vifundo viongezewe miwili, na kinachobaki kimalizikie kifundoni. Vidole vibaki vimetanuliwa muda wote. Anayejifunga huku kiganja kimelala kimelegea ataona inakaa vizuri, lakini akikunja ngumi kiganja kinapanuka, bandeji inakaba na vidole vinakufa ganzi kufika raundi ya pili. Kipimo ni rahisi: akunje na kukunjua ngumi mara kumi, kisha bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe. Wekundu usiporudi ndani ya sekunde mbili, fungua uanze upya.

Kwenye mashindano kila chama kina vipimo vyake. Kanuni za kimataifa za ridhaa zimekuwa zikitaka bandeji isiyopungua mita 2.5 wala kuzidi 4.5. Kwa ngumi za kulipwa, jimbo la California, kwa mfano, huruhusu kwa kila mkono bandeji laini ya hospitali isiyozidi mita 18, yenye upana wa sentimita 5, na plasta ya kuishikilia isiyozidi mita 9. Plasta inayogusa ngozi lazima iishie sentimita 2.5 kabla ya vifundo vya vidole. Sababu ni kwamba plasta ikirundikwa juu ya vifundo na kuloa jasho inashikamana na kuwa ganda.

Tukija kwenye jasi, ule unga unaoganda na kuwa mgumu ukiloa maji: ni kweli, na haikutokea mara moja. Juni 16, 1983, Luis Resto alimpiga Billy Collins Jr. raundi kumi katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Collins alikuwa hajapoteza pambano, na Resto hakusifika kwa uzito wa ngumi, lakini kengele ya mwisho ilipolia macho ya Collins yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Baba yake, aliyekuwa kocha wake, alipomshika Resto mkono alihisi glovu ni nyembamba, akapiga kelele papo hapo. Ukaguzi ukaonyesha sehemu ya sufi imetolewa ndani ya glovu. Ushindi ukafutwa, na mwaka 1986 Resto na kocha wake Panama Lewis wakahukumiwa kwenda jela. Miaka mingi baadaye Resto alikiri kwamba hata bandeji zilikuwa zimewekwa jasi. Collins hakurudi ulingoni, maana jicho lilikuwa limeharibika. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 22.

Baba yule aligundua pambano likiwa limekwisha. Januari 24, 2009, mjini Los Angeles, Nazim Richardson aligundua kabla. Yeye alikuwa kocha wa Shane Mosley, na kama kanuni inavyoruhusu aliingia chumba cha Antonio Margarito kutazama mikono ikifungwa. Alipokuta kipande kigumu ndani ya bandeji alikataa kuondoka mpaka zikafunguliwa zote. Vipande vilichukuliwa kupimwa, mikono ikafungwa upya, na Mosley akashinda raundi ya tisa. Margarito na kocha wake walifutiwa leseni. Kwa hiyo kocha, siku ya pambano mtume mtu wako chumba cha mpinzani tangu bandeji ya kwanza inapoanza. Abonyeze kila tabaka kwa kidole, ahakikishe msimamizi ametia saini kwa kalamu juu ya bandeji, na akishaona glovu zimevaliwa asiondoke nyuma ya bondia huyo hadi ulingoni. Yule anayetumwa kwenda kuangalia glovu zikiwa tayari mkononi amechelewa.

Wazee hapa husimulia kwamba pambano la Ali na Foreman lilisogezwa wiki tano kwa sababu ya mchaniko tu juu ya jicho. Mchaniko mdogo vile ulihitaji muda wote huo? (Msomaji, Bukavu)

Ulihitaji. Pambano lilipangwa Septemba 25, 1974, mjini Kinshasa. Siku tisa kabla, mazoezini, kiwiko cha mwenzake kilimpasua Foreman juu ya jicho la kulia, na tarehe ikasogezwa hadi Oktoba 30. Nyuzi za usoni hutolewa kati ya siku ya tano na ya saba, na hapo ndipo watu hudhani kidonda kimepona. Ngozi iliyoungana inaonekana nzima, lakini wiki ya tatu huwa imerudisha kama moja ya tano tu ya nguvu yake ya awali. Mguso mmoja wa glovu unaifungua. Ndiyo maana Foreman alikaa muda mrefu bila kupigana na wenzake mazoezini, na mtu aliyekosa raundi za mazoezi hupoteza kipimo cha umbali na pumzi. Sehemu hiyo ya habari ya Kinshasa huwa inasahaulika. Watu wanakumbuka tu kamba za ulingo zilizolegea, alizoegemea Ali, ambazo Angelo Dundee, kocha wa Ali, alikana kuzilegeza mpaka mwisho.

Mchaniko ukitokea pambano likiendelea, kona, yaani kocha na wasaidizi wa bondia, ina sekunde 60 za mapumziko, na ukitoa za kupanda na kushuka zinabaki kama 40. Mzuia damu anayejua kazi anapanda akiwa na vijiti vya pamba vilivyokwisha kulowekwa adrenalini ya 1:1000, dawa inayobana mishipa ya damu, vimefungiwa kwenye kichupa safi. Chuma cha baridi kimelala ndani ya barafu. Mafuta ya mgando yamepakwa mgongoni mwa glovu yake ya hospitali. Kwanza anafuta jasho na damu kwa kitambaa kikavu, mara moja. Anaingiza kijiti ndani ya kidonda chenyewe na kukandamiza sekunde 30 bila kuchungulia. Mwishoni anaziba kwa mafuta. Damu isipokauka, karibu kila mara ni moja ya haya: mafuta yamepakwa kabla ya dawa, hivyo dawa haifiki kwenye mishipa, au mkono una wasiwasi, unafutafuta kila sekunde tano na kung'oa damu iliyoanza kuganda. Uvimbe nao hukandamizwa kwa chuma cha baridi palepale ulipo. Kuusukuma upande, kama tunavyoona kwenye video nyingi, kunapasua mishipa zaidi.

Ziko dawa za zamani za chumvi ya chuma zinazounguza nyama na kufanya gamba jeusi. Damu husimama, lakini gamba likibanduka linaondoka na nyama. Zimepigwa marufuku sehemu nyingi, nanyi msizitumie. Hata adrenalini, mwulizeni daktari wa pambano kwanza kama inaruhusiwa.

Jambo la kukumbuka zaidi: refa ametangaza nini? Mchaniko ukitokana na ngumi na pambano likasimamishwa, aliyechanika amepoteza. Ukitokana na vichwa kugongana kwa bahati mbaya, kwa kanuni nyingi za kulipwa raundi nne zikiwa zimetimia majaji wanajumlisha pointi. Zikiwa hazijatimia, hakuna mshindi. Kocha wa kona asikie kwa masikio yake refa akitangaza, na kama hakutangaza amwulize mapumziko yanapoanza.

Mwanangu wa kiume anaanza ngumi za kulipwa. Ninayemkumbuka ni Wangila, na siku za pambano silali. Nitajuaje kwamba kichwa kimeumia kweli? Na nani ana haki ya kurusha taulo? (Mama, Nakuru)

Mama, hofu yako ina msingi, kwa hiyo tutajibu bila kupunguza makali. Robert Wangila aliipatia Kenya dhahabu ya Olimpiki pale Seoul mwaka 1988, uzito wa welter, kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi. Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake na David Gonzalez raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba limesimamishwa mapema. Aliondoka ulingoni kwa miguu yake, akazimia chumbani, na pamoja na kufanyiwa upasuaji alifariki siku mbili baadaye, akiwa na miaka 26.

Mishipa midogo kati ya ubongo na fuvu ikikatika, damu hujikusanya polepole. Katikati hapo mtu anaweza kuzungumza, kubishana, hata kuoga. Kwa hiyo saa za hatari huanza baada ya kengele ya mwisho. Asilale peke yake usiku huo. Awepo mtu wa kukaa naye saa 24. Akianza kuumwa kichwa kunakozidi badala ya kupungua, akatapika, akasinzia na kuwa mgumu kuamshwa, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, akasema maneno yasiyoshikana au upande mmoja wa mwili ukalegea, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, bila kungoja asubuhi. Iwe hospitali yenye mashine ya CT, ya kupiga picha za ubongo, na daktari wa upasuaji wa ubongo. Mwulize promota jina lake na njia ya kufika huko kabla ya siku ya pambano. Asipewe pombe, dawa ya usingizi, aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu hizo mbili za mwisho huongeza damu kuvuja.

Akipigwa KO, yaani akiangushwa asiweze kuendelea, asirushe wala kupokea ngumi hata ya mazoezi kwa siku 30 kwa uchache. Kanuni za ridhaa kwa miaka mingi zimekuwa hivi: KO moja siku 30, mbili ndani ya miezi mitatu siku 90, tatu ndani ya mwaka anapumzika mwaka mzima. Kamisheni nyingi za kulipwa hutoa siku 60 kwa KO moja. Bondia asiyeheshimu siku hizo kwa sababu ameitwa nje ya nchi kuziba nafasi ndiye unayepaswa kumwogopea zaidi.

Kuhusu taulo, inayorushwa ulingoni kuomba pambano lisimamishwe: haki ni ya kocha mkuu wa kona, lakini kuna mahali refa haruhusiwi kuitambua taulo, na kocha anatakiwa kupanda kwenye ukingo wa ulingo. Hilo liulizwe kwenye kikao cha kanuni. Kocha akubaliane na bondia mapema, wakiwa hawana jazba, kwamba uamuzi ni wa kocha na hautajadiliwa. Dalili anazotazama: miguu inapishana bondia anaporudi nyuma, mikono inashuka baada ya kupiga badala ya kurudi usoni, raundi mbili mfululizo hajibu ngumi, na kitini anauliza kitu kilekile mara mbili. Amwulize, "Raundi ya ngapi?" Akikosea, imetosha. Manila, Oktoba 1, 1975, kocha Eddie Futch alimkatalia bondia wake Joe Frazier asitoke raundi ya 15 dhidi ya Ali kwa kuwa macho hayaoni ngumi zinakotoka, na Frazier mwenyewe alikuwa anataka kuendelea. Zilibaki dakika tatu tu. Februari 2020 Mark Breland, kocha wa Deontay Wilder, alirusha taulo Wilder akipigwa na Tyson Fury raundi ya saba, akafukuzwa kazi. Mama, kabla mwanao hajasaini na kocha yeyote, mwulize kocha huyo ni lini alisimamisha pambano la bondia wake mwenyewe. Akijisifu kwamba hajawahi, tafuteni mwingine.

Ni kweli Philip Waruinge alitajwa bondia bora wa Olimpiki huku akiwa na shaba tu? (Msomaji, Nairobi)

Kweli. Mexico 1968, uzito wa unyoya, alipoteza nusu fainali kwa kura 3 dhidi ya 2 mbele ya Antonio Roldán, mwenyeji. Kombe la Val Barker hupewa bondia mwenye ufundi bora wa mashindano yote, bila kujali rangi ya medali, nalo likaenda kwake. Munich 1972 alipata fedha, akipoteza fainali kwa kura 3 kwa 2 tena. Baadaye aliingia ngumi za kulipwa Japani, ambako aliandikwa Waruinge Nakayama.

Napigana uzito wa unyoya, kilo 57.15, na kawaida nina kilo 61. Wenzangu wanakimbia wamevaa mifuko ya plastiki siku mbili za mwisho. Nifanye hivyo? (Bondia wa kike, Mwanza)

Hapana, dada. Maji unayoyafukuza kwa mifuko yanatoka pia kwenye damu na kwenye ubongo, na ubongo uliokauka hauvumilii ngumi. Kilo nne zigawe kwa wiki sita, yaani kama gramu 650 kwa wiki. Punguza ugali na wali kwa theluthi, acha soda na chapati za mafuta, ila samaki, mayai na maharage usiyapunguze. Fanya hesabu ya WBC, moja ya mashirika ya dunia yanayotoa mikanda ya ubingwa, iwe kengele yako: siku 30 kabla usizidi asilimia 10 juu ya uzito, kwako ni kilo 62.8; siku 7 kabla usizidi asilimia 5, yaani kilo 60. Siku ya mwisho kabla ya mizani, acha maharage, mchicha na vyakula vyenye makapi mengi. Tumbo jepesi peke yake linaweza kupunguza kama nusu kilo bila kukukausha.

Makocha wengi wanaume husahau hili: siku zinazotangulia hedhi mwili wa mwanamke unaweza kushika maji ya kilo moja hadi mbili. Andika tarehe zako kabla ya kukubali tarehe ya pambano. La sivyo utaona mizani imegoma, utadhani umenenepa, na ndipo mifuko ya plastiki inapoanza kukuita.

Ukishuka mizani, kwa kila kilo uliyopoteza kwa jasho kunywa lita moja na nusu, kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Changanya pakiti za ORS, kila moja kwa lita moja. Maji matupu mengi kwa mpigo yataishia chooni. Kama mkanda ni wa IBF, shirika jingine la aina hiyo, uliza kuhusu kupimwa tena asubuhi ya pambano: kwa miaka mingi kanuni yake ilitaka bondia asizidi kikomo kwa zaidi ya kilo 4.5.

Nimepata pambano la kwanza Ulaya. Nani anakatwa nini kwenye malipo yangu, na nibebe nini? (Bondia, Dar es Salaam)

Desturi ya nje: kocha asilimia 10, mzuia damu 2 hadi 3, meneja hadi theluthi moja, kiwango ambacho jimbo la Nevada halimruhusu akivuke. Katika shilingi milioni 3, meneja akichukua theluthi yote, unabaki na takriban milioni 1.6 kabla ya kodi. Hakikisha mkataba unasema nani analipa viza, tiketi na vipimo vya daktari, na kama vinakatwa kabla au baada ya asilimia za watu. Mapromota wengine huandika "gharama zote" bila kusema za nani. Na kama meneja wako ndiye promota huyohuyo, jiulize anamtetea nani anapojadiliana na nafsi yake. Marekani walitunga sheria mwaka 2000, iliyopewa jina la Muhammad Ali, kuwatenganisha watu hao wawili.

Viatu, kinga ya meno, kinga ya kinena, bandeji na kaptula visiingie kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Hassan Mwakinyo, aliyewashangaza Waingereza Birmingham mwaka 2018 kwa kumsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, alisimamishwa raundi ya nne na Liam Smith pale Liverpool Septemba 2022, na akaeleza kwamba begi lake lilipotea safarini akalazimika kupigana na viatu vilivyombana. Kinga ya meno iliyotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako hainunuliki dukani usiku wa kuamkia pambano, na viatu vipya huchubua kisigino kabla hata ya raundi ya tatu. Mkasi uache nyumbani, watakunyang'anya uwanja wa ndege.